Mikono ya Andrew Obwocha, Mkandaji wa Mbwa

Ni mwaka mzima sasa, Andrew, tangu Bwana akulaze, na hapa Nyacheki watu bado wanakuletea mbwa. Juzi alifika mama mmoja kutoka Ogembo, mbwa wake mzee akiwa kwenye toroli. Mkeo Drusilla alitoka langoni akamweleza kwamba hupo tena. Yule mama aliketi nyasini akalia, na Drusilla, aliyedhani machozi yake yamekwisha, akaketi kando yake.

Asubuhi ulikuwa mkulima wa majani chai. Jioni ulikuwa wa mbwa: wale waliokakamaa viungo, na wale ambao kidonda kilipona lakini kovu likabaki likiwauma. Ulipasha punje za wimbi kwenye sufuria, ukazitia ndani ya soksi, ukaijaribu kwanza shavuni mwako isije ikamchoma mgonjwa. Uliiweka kiunoni mwake, ukangoja. Hukuanza na kovu hata siku moja. Ulianzia mbali, mahali pasipouma, na mbwa akigeuza kichwa uliondoa mkono.

"Amesema hapana," ulituambia. "Na mbwa pia huombwa ruhusa."

Kwetu mbwa hulala nje na kazi yake ni kubweka, kwa hiyo watu walicheka. Jirani yetu Anyona alikuwa akisimama uani:

"Baba Valentine, ukimaliza na huyo, nikande mimi. Mgongo umeniisha kwa kuchuma majani."

"Ngoja zamu yako, Anyona. Na usiniume."

Mzee wa kanisa alipokuuliza mbona unakanda hata Sabato ikishaingia, ulimjibu kwa upole: "Mzee, maumivu hayapumziki Ijumaa jioni."

Sasa tukupe habari za Bosko, mbwa wako, kwa maana ndizo zinazotuelemea. Unajua jinsi pikipiki ilivyomvunja nyonga, na jinsi ulivyolilegeza lile kovu refu jioni baada ya jioni hadi akatembea. Tangu tukuzike hakuruhusu mtu amguse. Drusilla alipasha wimbi kama wewe. Alianzia mbali kama wewe. Bosko akageuza kichwa, naye akaondoa mkono. Kesho yake akajaribu tena, na msimu wote wa mvua hakuacha kujaribu.

"Labda mkono wangu una haraka," alisema.

"Mama, si mkono wako," binti yako Valentine akamwambia. "Anamngoja Baba."

Halafu miguu ya nyuma ikakataa kabisa. Bosko alijikokota kwenda kunywa maji, na akishindwa njiani alilia. Daktari wa mifugo alimwangalia, kisha akatazama chini. "Mama, huyu anateseka. Niruhusu nimchome sindano apumzike."

Drusilla alikataa. Alipiga magoti pale pale uani akaomba kwa sauti: "Bwana, umemchukua mwenye mikono. Niachie huyu aliyeijua." Sisi sote tulipiga magoti pamoja naye, tukafunga, tukaomba Bosko asimame. Hakusimama. Hatutakuficha, Andrew: tuliomba hadi maneno yakatuishia, na hatukusikia jibu.

Wiki iliyopita Bosko alilia kutwa nzima. Drusilla alikaa karibu naye bila kumgusa, kwa kuwa hakuruhusiwa. Jua lilipoelekea kutua alichukua simu akampigia daktari.

"Njoo kesho," alisema. "Na uje mapema, kabla sijakataa tena."

Daktari alikuja mapema, na sindano yake.

Unakumbukwa kwa uchungu na mkeo Drusilla, binti yako Valentine, mama yako mzazi Nyanchera, jirani yako Anyona, na waumini wenzako wa Nyacheki. Hatutaacha kukukumbuka, Andrew, hadi parapanda ilie.