Kuzidisha au Kugawanya

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto.

Asubuhi bintiyo aliniuliza, “Mama, nitajuaje kama ni kuzidisha au kugawanya?” Ndio kwanza natoka zamu ya usiku, macho hayafunguki, nikamfokea, “Soma swali.” Akasema, “Nimelisoma,” akaenda shule bila kuniaga.

Nimeitwa tena kazini, kwa hiyo jioni kaa naye wewe. Mwekee maharage makavu mezani. Akiambiwa kuna vikombe vitano, kila kimoja kina maharage matatu, atafute jumla, hapo anazidisha. Akipewa jumla ayagawe sawasawa vikombeni, hapo anagawanya. Usimpe jibu, nakujua.

~~Mwambie mama alikuwa amechoka.~~

Usimwambie kitu. Kesho nitamsindikiza shule, nimwombe radhi mwenyewe.

Mama yake