Mzee Anafungasha Tena

Morogoro mjini, 6 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Kifua vipi na mvua hizi? Mimi mzima, dukani kazi zinaenda.

Yunusi wa bodaboda akija kuchukua kabichi atakupa CD. Ni picha ya Kihindi ya zamani, imetafsiriwa Kiswahili, inaitwa "Kiti cha Mkwe". Wateja wetu wanaipita kila siku wanakimbilia za ngumi, hawajui wanachokosa. Staringi ni mzee aliyefiwa na mke, anaishi kwenye nyumba ya ukweni. Inaanza taratibu, usiichoke.

Mjomba Deogratias alipita dukani juzi, anakusalimia.

Mwanao, Modesta

Milimani, juu ya Mlali, 15 Aprili 2024

Mwanangu Modesta, marahaba. Nakohoa kidogo, namshukuru Mungu.

Picha nimeiona. Mashemeji wanamwambia mzee msiba umeisha, arudi kwao. Anafungasha, anashika njia. Hapo solar ikakata, maana na ukungu huu haina nguvu. Sikuhitaji zaidi, nimeelewa.

Hebu niambie, mjomba wako tangu lini anapenda sinema? Alifuata nini dukani?

Baba yako

Morogoro mjini, 20 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Dawa ya kifua nimempa Yunusi, kijiko asubuhi na jioni, na usiache.

Mjomba alikuwa anapita tu. Nakuletea nyingine, tamu kuliko ile, "Mlango wa Nyuma". Hata bosi wangu hakujua kama anayo, nimeitoa chini ya boksi imejaa vumbi. Iangalie, Baba, nakuomba.

Mwanao, Modesta

Milimani, 2 Mei 2024

Modesta, marahaba. Dawa nimepata. Afya yangu usiulize.

Mzee anafungasha tena! Safari hii nimeizima mwenyewe, sikungoja solar. Unanifanya mtoto? Mila yetu Waluguru naijua, shamba hufuata upande wa mama. Mama yako Paskalia katangulia, shamba ni lenu, wewe na wajomba zako. Mimi niliingia hapa kwa ndoa. Lakini nimelilima maisha yangu yote, na kaburi lake nalipalilia mimi.

Ukitaka niende kwa dada yangu Kingolwira, sema kwa mdomo wako. Usiwatume Wahindi waniambie.

Castory

Morogoro mjini, 11 Mei 2024

Baba yangu, shikamoo. Simu yako haipatikani, na Yunusi anasema siku hizi hata chai humkaribishi. Nimelia sana, na hata hukusaini "Baba".

Kweli nimekuficha. Mjomba alikuja kunitaka nikubali uondoke, wapande karoti zao. Nilimkatalia palepale. Kikao cha ukoo ni Jumapili ya tarehe 19, nitakataa tena mbele ya wote. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungeacha kula. Nikaona nikutumie picha zikupe moyo.

Jamani Baba, zile picha ni ndefu! Kufungasha ni katikati tu. Ziangalie mchana, jua likiwaka, mpaka majina yaanze kupanda.

Mwanao, Modesta

Milimani, 14 Mei 2024

Mwanangu Modesta, marahaba sana. Kifua kimetulia.

Leo jua limetoka. Nimeziba dirisha kwa khanga ya mama yako, nikaangalia zote mbili mpaka majina. Kumbe binti yake anamkimbilia mzee barabarani, anamshika mkono, anamrudisha kwenye kiti chake mashemeji wakiona! Na kwenye ile ya pili, mlango wa nyuma binti hakuufunga siku zote zile, ili baba yake aweze kurudi. Nimelia peke yangu hapa, mzee mzima.

Ila wale mashemeji hawakuomba radhi, nimewaangalia vizuri. Na mjomba wako bado simwamini. Kwenye kikao nitakaa karibu na wewe.

Nisamehe, mama. Sanduku langu lilikuwa mlangoni tangu ile barua ya hasira. Leo ndiyo Yunusi amekuja kunipeleka Kingolwira, kama tulivyopatana. Nimemwambia apakie kabichi.

CD anakurudishia. Ukinichagulia nyingine, niandikie kwanza mwisho wake.

Baba yako