Asije na Jezi ya Tai

Rosettenville, Johannesburg
Jumatano

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake kabla hujaendelea. Nataka kujua sukari yake imekaaje, kile kidonda cha kidole kimekauka au bado, na kama angali anaficha halua chini ya mto. Shemeji nimesikia amerudi kazini, nimefurahi. Mimi mwili upo, ila mgongo haunipi raha, na baridi imeshaingia. Ghala zima tunakohoa.

Mama msomee mpaka hapo tu. Yaliyobaki soma peke yako.

Omari asipande basi. Najua nilimwita mwenyewe, na najua ameacha kibarua chake kwa ajili yangu. Asije. Tiketi yake ni ya Alhamisi ijayo, na lori la Hamza aliyebeba barua hii, mipaka ikiwa haina foleni, litafika Tanga Jumatano, siku moja kabla. Nimekupigia mara nne kwa simu ya Hamza, hupatikani. Omari mwenyewe ameshauza simu yake apate pesa za njiani. Mdogo wetu unamjua, bila sababu hatakusikia, kwa hiyo nakueleza yote.

Kazi yangu ni kufungua marobota ya mitumba na kuchambua. Nguo yenye doa au tundu, tajiri anaturuhusu kuichukua. Tulipoanzisha timu yetu ya Jumapili hatukuwa na jezi, na kwenye robota hupati jezi za rangi moja. Zinatoka mojamoja, kila moja na nchi yake. Kasongo, fundi cherehani wa Lubumbashi ninayekaa naye chumba kimoja, akasema tuache kutafuta rangi, tutafute mnyama. Tukaangalia ni yupi anatoka mara nyingi. Simba walikuwa wengi kuliko wote, lakini Watanzania nusu wangegoma kuvaa, unajua ushabiki wa kwetu. Aliyefuata ni tai.

Dada, sikujua kama duniani kuna timu nyingi hivyo zinazojiita Tai. Nimeokota ya mpira wa kikapu ya Marekani, ya raga, ya wale wanaocheza kwenye barafu na magongo, ya shule ya wasichana sijui ya wapi, na nyingine imeandikwa herufi ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma. Hawajuani hao, na kila mmoja anadhani ndege ni wake peke yake. Kasongo alikuwa anatucheka: "Huyu si tai, ni kipanga. Angalia macho, anatafuta kifaranga." Tukavaa hivyo hivyo, watu kumi na mmoja, rangi kumi na moja. Mwamuzi alikuwa anaumwa kichwa. Themba, mwenyeji wa hapa tunayebeba naye marobota, ndiye kipa wetu. Siku tuliyoshinda alitupiga picha kiwanjani kule Turffontein, akaiweka kwenye simu yake watu waone.

Wameiona. Mtaani wapo watu wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaambia wageni waondoke. Hilo si jipya, tumeshalizoea kama baridi. Lakini picha ile iliwapa kitu cha kushika. Wakaulizana, Mtanzania, Mkongo, Mrundi na Mmalawi wamekubaliana nini hata wavae ndege mmoja na rangi tofauti? Wakaingia kwenye simu kutafuta maneno yaliyo vifuani mwetu. Wakakuta Marekani kuna Tai, Ulaya kuna Tai, Asia kuna Tai. Wakasema hii si timu, ni genge, na matawi yake yamejaa dunia nzima.

Wiki iliyopita niliikuta picha yetu imebandikwa kwenye spaza, kiduka cha mtaani ninakonunua mkate. Kila uso umezungushiwa duara jekundu. Muuzaji alinipa mkate bila kunitazama. "Kesho kanunue pengine, ndugu yangu," akasema.

Themba alikwenda kwenye mkutano wao kuwaeleza kwamba ni mitumba, na yeye mwenyewe ndiye anayeichambua. Alirudi mdomo umevimba. "Eish, Shabani," akaniambia, "nikisema ni timu mbalimbali, wanasema ndiyo hayo matawi. Nikisema hazijuani, wanasema ndiyo ujanja wenu." Kisha akakaa juu ya robota, akalia. Simlaumu. Picha ni yake, lakini jezi ni zangu.

Juzi Jumatatu mchana walimzuia Chikondi, Mmalawi wetu anayecheza winga, kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani hapa. Alikuwa amevaa ile jezi ndani ya ovaroli kwa sababu ya baridi. Walimfungua zipu. Mpaka leo hajaonekana. Polisi tumekwenda, wameandika jina lake.

Tangu hapo Kasongo anakata ndege kwenye jezi zote kwa wembe. "Banatafuta ndege, habatafuti mutu," anasema. "Toa ndege, unabaki mutu." Nikamwambia nyuso zetu wameshazizungushia. Akaendelea kukata.

Sasa Omari. Mgeni wetu hapa hupokelewa na mtu asiyemjua, yeyote ambaye siku hiyo hayuko kazini, kwa hiyo huwa tunamwambia mgeni avae kitu cha kumtambulisha. Ndiyo maana nilimtumia jezi nyekundu ya Tai. Akapiga picha ameivaa, na tiketi ameishika, nikaituma kwenye kundi letu la timu. Simu ya Chikondi wanayo wao. Wanaijua sura ya Omari, siku ya basi, na stendi atakayoshuka.

Barua ikikukuta ameshaondoka, nenda kwa wakala wa basi, piga magoti ikibidi, ampigie dereva. Omari ashuke Lusaka na arudi. Jezi aitupe, asiiweke hata kwenye begi. Akikaidi, mimi nitakuwa stendi Jumatatu, siku basi lake linapofika, tangu asubuhi. Kasongo ananikataza, anasema wananijua. Ni kweli. Lakini Omari katika mji huu hamjui mtu mwingine. Asiponiona, asimfuate yeyote, hata mtu huyo akimtaja mama kwa jina.

Nisalimie shangazi Zuhura wa vitumbua, baba mdogo muadhini, na wanao wote, mkubwa kwa mdogo. Mwambie shemeji asimnyooshee Omari kidole kwa kuacha kibarua, amsemee tena kwa msimamizi.

Mama akiuliza kwa nini Omari haji, mwambie nimekosa chumba. Akiuliza mara ya pili, mwambie ukweli, maana atakuwa ameshaujua.

Ni mimi mdogo wako,
Shabani