Sikio Langu na Shamba la Kapolowe

Jumatatu, 10 Juni 2024
Umeme umerudi! Nimefungua tena sura ya tatu ya tasnifu: watu wa zama za kati wasiojua kuandika walitunzaje kumbukumbu zao. Profesa Léon anataka niikate. Kwake, pasipo maandishi hapana historia. Sikati.

Jumanne, 11 Juni
Mama amerudi kutoka Kapolowe analia. Tonton Germain, mjomba wangu, mdogo wake wa mwisho anayenizidi miaka michache tu, ametoa karatasi yenye muhuri: eti shamba la mihogo ni lake. Shamba ambalo babu alimpa mama! Mama hana karatasi yoyote. Anasema baba yake alimpa kwa kinywa tu, "na bantu benye balisikia, bote balisha kufa." Jumamosi watakuwa mbele ya chefu wa kijiji. Nina hasira hata chai imenishinda.

Alhamisi, 13 Juni
Leo nimesoma sheria ya kale ya Bavaria, Ujerumani: shahidi wa shamba alivutwa sikio, asisahau. Nimecheka peke yangu — kisha kicheko kikakatika. Babu! Pale shambani, kwenye kichuguu, nikiwa na miaka saba. Alisema, "Shamba hii ni ya Gertrude," yaani mama. Akanivuta sikio mpaka nikalia, halafu akanipa muwa. Miaka yote hii nilidhani nilikuwa nimefanya utundu!

Ijumaa, 14 Juni
Profesa amepiga simu: maneno ya mdomo ni upepo. Nimemwambia sura inabaki. Mama nimemsimulia, naye anaogopa nisije nikamwaibisha mdogo wake mbele za watu. Ameuliza nani mwingine alikuwepo siku ile. Nimeinuka kupiga pasi nguo. Kesho nakwenda, atake asitake.

Jumamosi, 15 Juni. Kapolowe
Karatasi ilizunguka mikononi mwa wazee. Chefu akauliza nani alisikia maneno ya babu. Nikasimama. Tonton akacheka.
— Orpha, weye ulikuwa mutoto! Mutoto anajua nini? Miye niko na cachet, muhuri!
Nilisema yote. Kichuguu. Maneno. Sikio. Na kwamba watoto waliovutwa siku ile walikuwa wawili. Mkubwa hakulia. Muwa tuligawana.
Mama akafunika uso kwa kitenge.
— Germain, akasema chefu, sasa weye. Ongea.
Tonton ameomba maji kwanza. Naandika huku tukingoja. Kikombe kimejaa, kiko mbele yake. Hajakigusa. Anaangalia karatasi, na mkono wake uko kwenye sikio.