Landrova Yetu Ina Nyuma ya Kijani

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Landrova imekataa. Robert alikuwa amebeba majani chai, akapanda ile kona ya kanisa, kitu kikalia paa! Injini inanguruma, gia imeingia, gari haiendi. Mjukuu mkubwa hivyo, anaoa, na ananiangalia kama mimi ndiye nimevunja.

Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda Roret kwa koito yake, kuomba Chelangat kwa wazazi wake. Nimesema siingii boma ya watu kuomba msichana nikiwa ndani ya gari ya kukodi. Landrova hii ndiyo ilinitoa kwa baba yangu. Itaenda. Robert anasema wakwe hawataangalia gari. Nani alimwuliza?

Jumanne, 25 Novemba

Fundi amekuja, Gekara, Mkisii wa hapo sokoni Mogogosiek. Alilala chini ya gari akatoka na matope mpaka kwa masikio. Anasema hafshafti imekatika — kile chuma kirefu ndani ya ekseli, kinachozungusha gurudumu ya nyuma.

Alitaka kufungua saa hiyo hiyo. Nikakataa. Fundi wa mwisho alifungua akapotea, kuku wangu akaangulia vifaranga ndani. Lete chuma kwanza ndio ufungue. Akauliza gari ni ya mwaka gani. Mwaka nilioolewa, sabini. Akauliza kama nyuma imewahi kubadilishwa. Mimi nimeishi na hii gari miaka mingi kuliko umri wake! Nikamwambia hakuna kitu imebadilishwa, aende.

Ijumaa, 28 Novemba

Chuma imefika kutoka Kericho. Gekara amefungua. Haiingii.

Aliweka vyuma viwili kwa nyasi, nikainama kuangalia. Mpya ina meno manene, machache. Ile imevunjika ina meno membamba, mengi, kama kitana. Nikasema ametapeliwa. Akasema hapana, chuma ni ya sabini kabisa, shida ni gari. Mbele ni ya sabini, nyuma ni ya miaka ya baadaye, kiwanda kilikuwa kimebadilisha meno.

Sielewi. Gari ni rika moja. Mtu hawezi kuwa wa rika la Nyongi kutoka kiunoni kwenda juu, na la Maina kwenda chini. Nikamwambia apige na nyundo. Alicheka. Halafu akaona sicheki.

Jumamosi, 29 Novemba

Gekara amesugua ekseli na brashi ya waya. Chini ya matope kuna rangi ya kijani.

Landrova yetu ni ya kijivu! Tangu siku ya kwanza. Anasema kuna mtu alitoa nyuma yote akaweka ya gari ingine, na alifanya kazi safi. Nilikaa juu ya ndoo. Landrova ya kijani upande huu wetu najua moja tu. Sitaandika ya nani.

Jumapili, 30 Novemba

Sikusikia mahubiri.

Ya Kimutai. Basi, nimeandika. Mdogo wa mume wangu Kiplangat. Alipanda chai ndani ya shamba letu, nikang'oa mche mmoja mmoja na mikono yangu. Akahamia Sigor. Nikasema jina lake lisitajwe katika boma hii, na Kiplangat akaitikia. Aliitikia! Hata siku ya kumzika Kiplangat, Kimutai alisimama nyuma na watu wa mbali.

Sasa nyuma ya gari yake imekuja kwangu namna gani? Kuna wakati Kiplangat alienda kuangalia ng'ombe, akalala huko, akarudi bila ng'ombe na akiwa na furaha. Nilimgombeza wiki nzima juu ya ng'ombe.

Jumatatu, 1 Desemba

Gekara amepiga simu kila mahali. Ya meno membamba haitapatikana kabla ya Jumamosi. Anasema mwenye hiyo ekseli pengine aliweka hafshafti ya akiba.

Robert naye akachagua saa hiyo kuuliza nyanya yake. "Kogo, kule Roret nani ataniongelea?" Nikasema mzee wa kanisa. Akasema wataanza na ukoo, watataka kuona mwanaume wa ukoo wetu, si wa kanisa. Baba yake Kipkurui amekufa, babu yake amekufa. Nikamwambia akakamue ng'ombe.

Jumatano, 3 Desemba

Naandika nikiwa Sigor, kwa kiti cha Kimutai. Gekara amenileta na pikipiki, mifupa yangu yote inalia.

Landrova ya kijani iko hapa nje, juu ya mawe, haina nyuma. Nyasi imeingia mpaka kwa usukani.

Kimutai amekonda. Anatembea na fimbo. "Chamgei, Mama Kipkurui," akanisalimia, kama nilikuja jana. Nikasema nimekuja juu ya chuma, si kitu kingine. Hakuuliza chuma gani. Akainama chini ya kitanda, akatoa kitu kimefungwa na koti. Meno membamba. Lakini mimi niliangalia koti. La Kiplangat! Kiraka cha kiwiko nilishona mwenyewe. Aliniambia liliibiwa kanisani.

Nikamwuliza Kimutai kwa nini alimpa ndugu yake nyuma ya gari yake.

"Yake ilivunjikia hapa kwa lango langu. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Angerudi kwako na nini?"

Kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa wapi?

Gekara ameshafunga chuma kwa pikipiki, anapiga honi. Nimepata nilichokuja kutafuta na sisimami. Kimutai aliingia chumbani, nikasikia anavuta sanduku. Ametoka amevaa koti la suti, limemzidi mabega. Sijui nani alimwambia habari ya koito.

"Jumamosi mnatoka saa ngapi?"

Nikasema angoje, kuna kitu naandika. Amesimama mlangoni na fimbo yake, anangoja nimalize. Gekara anapiga honi tena. Bado naandika