Udongo Ulioanikwa Kando ya Njia

Jumanne, baada ya Isha

Eti udongo ni udongo!

Msimamizi mwenyewe ndiye aliyetufundisha pale kiwandani: huu uliotengenezwa maabara una tabaka nyembamba zisizoonekana kwa macho, na uchafu wa maji ya kuoshea samaki hunasa humo katikati. Maji yanatoka safi, nami nilijivunia. Lakini ukishatumika anataka tuuanike nje, kando ya njia, bila hata kibao.

Leo nimemkuta wifi yangu Mwanahawa, mjamzito wa miezi sita, amechuchumaa pale anatafuna. "Wifi, huu wenu una chumvi tamu!" Nikampokonya. Mjamzito gani hapa Kilindoni hali udongo? Nani asiyejua?

Hospitali wamesema tumwangalie tu. Tumwangalie mpaka lini? Naogopa.

Nilipomlalamikia msimamizi, alicheka. "Dada, udongo ni udongo."

Nikatoka, nikarudi na kipande cha udongo ule kwenye kisahani, nikamwekea mezani pembeni ya chai yake. "Karibu, bwana."

Kicheko kikamkauka. Akakisukuma kisahani mbali kwa ncha ya kalamu. Hata kukigusa kwa kidole hakutaka.