Folda Tupu ya Mtaa wa Sikukuu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili ya Pili ya Majilio.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hapo umeshavaa miwani na kumwita Mama aje asikilize, kwa hiyo shikamoo na wewe Mama. Goti linaendeleaje, Baba? Dada Angela aliniambia umeanza tena kuzunguka kihambani, kwenye migomba, bila fimbo. Nikafurahi, kisha nikakasirika, maana daktari alisema wiki sita na wewe umehesabu tatu. Mimi mwili hauna neno. Joto la huku ni lile lile, jasho linaanza kabla hujamaliza kuoga.

Utajiuliza kwa nini ninakuandikia wakati simu ninayo. Kuna jambo ambalo nikilisema kwenye simu nitalikimbiza, na wewe utasema "haya" kisha utampa Mama simu. Hili nataka ulisome lote.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba niko kwenye kompyuta. Bosi wangu, Mzee Ubeid, ni wakala wa vifurushi. Watu wananunua bidhaa Kariakoo, wanatuletea, sisi tunazipakia kwenye mabasi ya mikoani. Mzee ana utaratibu wake: kifurushi hakiandikwi jina wala mkoa, kinaandikwa namba peke yake kwa kalamu nene, kwa sababu zamani vibaka walikuwa wakisoma majina na kuja kudai mizigo isiyo yao. Jina la mwenye mzigo limo kwenye kompyuta tu. Tunazo mbili kubwa zinazotunza kumbukumbu hizo kwa pamoja, moja ikizimika nyingine inaendelea na mteja hajui lolote. Kwa miaka miwili hakuna hata moja iliyowahi kuzimwa.

Jumatatu mvua ilipiga, maji yakaingia ofisini. Turki, mtunza stoo wetu, rika langu na mpwa wa Mzee Ubeid, alifanya jambo la maana sana. Alizizima mashine zote mbili kwa utaratibu niliomfundisha, akazibeba moja moja hadi ghorofani, suruali imelowa mpaka magotini. Mimi nilikuwa sokoni Mchikichini nakutafutia koti. Niliporudi nikaziwasha, zikawaka vizuri, lakini programu ya kumbukumbu haikuamka. Stoo ilikuwa na vifurushi mia sita na arobaini vya Krismasi, kila kimoja na namba yake, na hakuna aliyejua kipi ni cha nani.

Mashine zetu zinatumia mfumo uitwao Linux. Mle ndani kila kitu kinakaa kwenye folda, na folda ndani ya folda, kwa hiyo ukitaka kujua programu iko wapi hubahatishi. Kuna folda inaitwa /etc ambamo mashine inatunza maelekezo yake. Humo nilikuta faili dogo linalotaja makazi ya programu yetu, kwamba iko /u01. Nikaenda /u01. Folda ipo, ndani hamna kitu. Hamna programu, hamna mafaili ya mipangilio, hamna kumbukumbu. Nikaenda mashine ya pili, hali ni hiyo hiyo.

Mzee Ubeid alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama inawezekana kuna mtu amefuta. Nikamjibu kwamba inawezekana. Akauliza nani aligusa mashine mara ya mwisho, na ofisi nzima ikamtazama Turki. Turki aliapa kwamba alizima tu, hakugusa kingine. Mzee, kwa hasira na kwa aibu ya kuwa huyu ni damu yake, akamwambia aache funguo za stoo na aende nyumbani. Turki alizitundika kwenye msumari wake, akachukua kofia, akatoka bila kuniangalia.

Wateja walianza kujaa. Mama mmoja alikaa kizingitini siku mbili kwa ajili ya gauni la bintiye, harusi ilikuwa Singida Jumamosi, akasema tukimruhusu atafungua vifurushi vyote kwa meno. Mimi Jumanne nzima nilipekua. Niliiamuru mashine itafute faili kuu la mipangilio ya programu kwa jina lake, kila folda, haikuliona. Nilisoma mahali ambapo mashine inaandika yote yanayotokea, sikuona dalili ya kufutwa chochote.

Jumatano asubuhi niliacha kutafuta mafaili nikaanza kuhesabu diski zenyewe. Kila mashine ina diski mbili. Moja ilikuwa kazini. Ya pili ilikuwemo, nzima, lakini haikuunganishwa na folda yoyote. Kwenye Linux, Baba, diski ni chumba na folda ndiyo mlango wake. Siku mbili nzima nilikuwa nafungua mlango ambao chumba chake hakipo nyuma yake. Niliandika amri moja ya kuunganisha, nikafungua /u01 tena, na vyote vilikuwa pale: programu, mipangilio, kumbukumbu. Mashine ya pili nikaifanya vivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri kila namba ilikuwa na mwenyewe, na gauni likaondoka na basi la alasiri.

Walinishangilia. Mzee Ubeid aliagiza biriani kwa ofisi nzima, akasema Mchaga wetu amerudisha alichokifuta mpwa wake. Nililila biriani lile, Baba. Nililila lote na nikaongezewa.

Sasa nafika kwenye lililonishikisha kalamu. Hakuna mtu aliyefuta kitu. Diski ukiiunganisha kwa mkono, mashine inaisahau pindi ikizimwa. Ili iikumbuke, lazima uandike mstari mmoja kwenye faili liitwalo /etc/fstab. Mstari huo haukuwepo, na aliyepaswa kuuandika ni mimi. Niliiweka programu ile kwenye mashine miaka miwili iliyopita, tarehe ishirini na mbili Desemba, tiketi ya basi la kuja nyumbani iko mfukoni, na wewe unamjua Mchaga na Desemba. Niliunganisha kwa mkono, nikaona inafanya kazi, nikajiambia mstari nitauandika nikirudi. Nikaja, tukachinja mbuzi, nikarudi, nikasahau. Jumatano ile, kabla ya biriani, nilifungua faili, nikaona pengo, nikakumbuka. Niliandika mstari kimyakimya, nikafunga, nikanyamaza.

Ijumaa wenzangu walipokwenda kuswali nilibaki peke yangu, na funguo za stoo zilikuwa bado kwenye msumari wa Turki. Nikakukumbuka siku uliyorudi kutoka chama cha msingi cha ushirika, mimi nikiwa darasa la nne. Funguo za ghala la kahawa zilipotea, ukaambiwa ni wewe, na aliyezipoteza akakaa kimya. Miaka kumi na moja ulikwenda kanisani kwa njia ya juu ili usipite mbele ya ghala lile. Alipokuja hatimaye kukuungamia, hukumgombeza. Ulimwambia tu kwamba ungependa kama angalikuja wiki ile ile. Niliona haya, Baba, mpaka nikashindwa kukaa kwenye kiti.

Jana nilivuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni kwa kina Turki. Mama yake, Bi Zeina, aliniletea kahawa, nami nikasema yote mbele yake. Turki aliniuliza swali moja, kama nilikuwa najua wakati nakula biriani. Nikamwambia nilijua. Akainuka akaingia ndani. Bi Zeina hakuniambia niondoke wala nikae, alinimiminia kikombe cha pili. Turki alitoka amevaa viatu, akasema twende kwa mjomba, nikalisemee huko mbele ya watu wote, na yeye atasimama pale niliposimama mimi siku alipofukuzwa.

Nikalisema. Mzee Ubeid alizitoa funguo kwenye msumari kwa mkono wake, akamkabidhi Turki na kumwomba radhi mbele ya ofisi nzima. Kwangu alisema nitabaki, ila kuanzia kesho namfundisha Turki kila folda na kila faili, na maelezo yote yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, isijetokea tena mtu mmoja akabeba ofisi kichwani mwake.

Nitakuja tarehe ishirini na tatu, kazi ikiwa imekwisha kweli. Mwambie Mama asichoke kunisubiri kwa mtori wake wa ndizi. Msalimie Angela na watoto, na majirani wa upande wa mfereji.

Koti lako limo kwenye kifurushi hiki, na barua hii nitaibandika juu yake. Turki ndiye aliyekifunga mchana huu, bado haongei nami sana. Akaandika namba, 641. Halafu, kinyume na utaratibu wote wa mjomba wake, akaandika chini yake jina lako kwa herufi kubwa, akaniambia, "Mzigo wa baba yako hauwezi kutegemea kumbukumbu zako." Akacheka kidogo, Baba. Nimemsikia.

Mwanao anayekuheshimu,
Melkiori